Bi Lenzi Hamsamehe Mchoraji

Siku Mnyapara alipouawa, Bi Lenzi alikuwa amesimama jikoni, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine umeshika kitabu, na sufuria ikaungua mpaka moshi ukatokea dirishani. Jirani wa mlango wa pili alikuja mbio akidhani nyumba inawaka. Akamkuta mama mtu mzima, mwenye mvi za kutosha, amesimama katikati ya moshi, machozi yanamtoka, na matusi pia.

"Kuna nini, dada? Mmefiwa?"

"Wamemuua!" alisema Bi Lenzi. "Wamemuua kama kuku!"

"Maskini! Nani? Ndugu yako?"

Bi Lenzi akamgeuzia kitabu. Jirani akaangalia picha ya kiatu kimoja kwenye theluji, akamwangalia Bi Lenzi, akazima jiko, akafungua dirisha la pili, akaondoka bila kuaga.

Mnyapara hakuwa ndugu wa mtu. Alikuwa mwanamke wa kuchorwa, kiongozi wa wapagazi katika manga, hadithi ya picha ya Kijapani, iliyoitwa Wapagazi wa Theluji, na juzuu iliyokuwa mkononi mwa Bi Lenzi ndiyo kwanza imefika mjini, bado inanukia wino. Lakini miaka mingi alikuwa ameishi na Mnyapara kuliko alivyoishi na baadhi ya ndugu zake wa damu, na hakuona aibu yoyote kumlilia.

Bi Lenzi naye si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliomtunuku kwa ajili ya kazi yake. Alifanya kazi katika duka la miwani, si kule mbele kwenye vioo vingi na wauzaji waliopiga pasi mpaka soksi, bali chumba cha nyuma, penye mashine inayozunguka na kumwaga maji, ambako lenzi inaingia mviringo kama kisosi na kutoka na umbo la fremu ya mteja. Maji ya mashine ile yalikuwa meupe kama maziwa kwa unga wa lenzi, na jioni akirudi nyumbani kucha zake zilikuwa nyeupe vilevile. Kwa kazi yake hakuwa na mzaha. Lenzi ikipinda kidogo tu, aliirudisha kwenye mashine, na kama haikurekebika aliitupa na kukata nyingine huku akimlaani aliyeipinda, hata kama aliyeipinda ni yeye mwenyewe.

Aliolewa akiwa ameshachoka kuulizwa ataolewa lini. Mume alikuwa fundi wa lifti, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike. Mtoto huyo majirani walimwita Chiriku, kwa sababu mama yake alipokuwa hai hakuna aliyeweza kupita uani pale bila kusimuliwa jambo na mtoto huyo. Mama akafa. Jina likabaki, maneno yakakatika. Bi Lenzi alipoingia nyumbani mule, Chiriku alikuwa na umri wa miaka minane na msamiati wake wote ulikuwa "Ndiyo, Anti" na "Hapana, Anti."

Kilichowakutanisha ni pua. Bi Lenzi aliona jinsi mtoto anavyosoma vile vitabu vyake vya picha, pua imekaribia kugusa karatasi, akajua mara moja kwamba huyu haoni sawasawa. Akampeleka kupimwa, akamkatia miwani kwa mkono wake mwenyewe, akiirudia mpaka aliporidhika. Siku alipomvisha, Chiriku alikisogeza kitabu mbali, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Kumbe theluji ina vidoti," alisema.

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia.

"Vidoti gani? Niletee nione."

Bi Lenzi akachukua kile kioo chake cha kukuzia vitu, kile cha kazini, na wote wawili wakainama juu ya ukurasa. Kweli, kivuli cha mlima kilikuwa vidoti vidogo vilivyopangwa kwa safu, na kadiri bonde lilivyozama ndivyo vidoti vilivyosongamana. Bi Lenzi hakuwahi kuona kazi safi namna ile nje ya chumba chake cha nyuma. Alikiomba kitabu akakisoma jikoni, na kwa kuwa hakuambiwa kwamba manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, alikisoma kinyume chote. Akarudi kwa mtoto na malalamiko: mbona huyu mtu anakufa kwanza halafu ndiyo anakula? Chiriku alicheka mpaka miwani mipya ikaanguka.

Kuanzia hapo wakawa wanasoma pamoja. Fundi Lifti aliposikia kwamba mke wake naye amezama kwenye manga, aliuliza, "Manga? Kama pilipili manga?" na hakuacha utani huo kwa miaka. Akimkuta amekasirika juu ya kitabu husema, "Leo pilipili imewasha." Na alipogundua kwamba vitabu hivyo huanzia upande ambao vingine huishia, alisema sasa ameelewa kwa nini mke wake haridhiki na mwisho wowote: anaanzia huko.

Ni kweli Bi Lenzi haridhiki upesi. Alimpenda sana mchoraji wa Wapagazi wa Theluji, na kwa sababu hiyo alimfuatilia kama askari kanzu. Katika juzuu za mwanzo kulikuwa na mzee mmoja mtunza ghala aliyevaa miwani mizito ya mtu asiyeona mbali, na mchoraji alikuwa ameona jambo ambalo wengi hawalioni: ukimtazama mtu wa miwani hiyo, ukingo wa shavu lake, pale unapopita nyuma ya lenzi, huingia ndani kidogo kana kwamba uso umekatwa. Kila alipochorwa mzee yule, shavu liliingia. Bi Lenzi alilionyesha duka zima. "Mtu huyu anatazama!" alisema. "Hachori tu, anatazama kwanza!"

Juzuu zikaenda, mchoraji akapata jina, na shavu la mzee likanyooka. Miwani ikawa duara mbili tupu. Baadaye ikaanza kung'aa kwa weupe kila mzee alipofikiria jambo baya, kama taa za gari. Milima nayo ikaanza kupotea. Watu wakawa wanapigana hewani, nyuma yao mistari tu ya kuonyesha kasi. Bi Lenzi alilichukulia jambo hilo kama mtu aliyeibiwa.

"Theluji iko wapi?" alimuuliza Chiriku. "Hadithi inaitwa Wapagazi wa Theluji. Mimi nimefungua ukurasa huu naona karatasi."

"Anti, karatasi nyeupe ndiyo theluji."

"Usinichezee akili."

Lakini hata alipokuwa akilalamika, Mnyapara alimshikilia. Hadithi ilimhusu mvulana yatima anayebeba mizigo juu ya milima baada ya bwana mkubwa mmoja kufunga njia ya bondeni. Mama mzazi wa mvulana alikufa katika juzuu ya kwanza kabisa. Mnyapara, mwanamke mnene, mchechemeaji, mwenye sauti ya kukwaruza, ndiye aliyemwokota na kumlea bila kumwambia hata siku moja kwamba anampenda. Bi Lenzi hakuwahi kusema kwa nini alimpenda mwanamke yule. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Sasa wamemuua.

Chiriku, ambaye wakati huo alikuwa msichana mkubwa wa chuo, alirudi jioni akakuta nyumba inanuka moshi na Anti yake amekaa sebuleni amefunga mikono kifuani.

"Umefika pale?" aliuliza Chiriku.

"Nimefika."

"Mimi nimeisoma nakala yangu kwenye basi, nimelia mpaka kondakta akanipa kiti chake. Anti, ile ndiyo sehemu nzuri kuliko zote alizochora."

Bi Lenzi alimtazama kana kwamba amesema nyumba iliyoungua inapendeza. "Nzuri?" alisema. "Tutaonana Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa siku ya kikundi. Wasomaji wa manga wa mtaa ule walikutana mchana katika chumba kilicho nyuma ya duka la fotokopi, wakakaa kwenye viti vya plastiki na maboksi ya karatasi, mashine zikinguruma upande wa pili wa ukuta. Wengi walikuwa vijana. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa fotokopi mwenyewe, waliyemwita Mwenyekiti kwa sababu alijichagua na hakuna aliyejisumbua kupinga. Bi Lenzi ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote pale, na wote walimwita Anti kwa kumfuatisha Chiriku.

Mwenyekiti alifungua mazungumzo kwa furaha. Alisema juzuu hii ni kilele, kwamba kifo cha Mnyapara kimempa shujaa sababu ya kweli ya kupigana, na zile kurasa za macho ya mvulana yakigeuka mekundu angependa kuzibandika ukutani.

Bi Lenzi alinyanyua mkono. Kisha hakusubiri kupewa nafasi.

"Mwenyekiti, naomba niulize. Yule mwanamke tumekaa naye miaka mingapi? Tumemwona akishona viatu vya yule mtoto kwa kamba ya mizigo. Tumemwona akidanganya kwamba ameshiba ili mtoto ale. Siku alipovunjika mguu kwenye barafu, mchoraji alichora sura nzima ya kitabu bila neno hata moja, hakuna kiputo cha maneno, hakuna mlio, na bado kila aliyekuwa humu alisikia mfupa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Anti."

"Haya. Mtu huyo leo anakufa katika visanduku vitatu vya picha. Cha kwanza anageuka. Cha pili mshale. Cha tatu kiatu. Kiatu! Hata uso wake hatukupewa. Halafu kurasa mbili nzima za mvulana anatoa macho mekundu!"

"Ndiyo nguvu zake mpya hizo, Anti..."

"Nguvu zake mpya! Mimi nashinda na watu wa macho kila siku ya Mungu. Jicho likigeuka jekundu unaenda kutafuta dawa, huendi vitani!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Lenzi hakucheka. Alikuwa amesimama sasa, na kiti cha plastiki kilikuwa kimemng'ang'ania sketi kwa nyuma. Akakibandua bila kukatisha maneno.

"Na mama yake mzazi je? Yule wa juzuu ya kwanza, anayetabasamu na nywele kazilaza begani. Nani humu anajua jina lake?"

Wawili wakaanza kupekua kurasa.

"Hamjui, kwa sababu hakupewa. Hatujui alikuwa akifanya nini, akipenda nini, akimkasirikia nani. Kazi yake ilikuwa kufa. Alipomaliza kazi hiyo wakamleta wa pili, alee kidogo, naye afe. Hawa wanawake ni kuni? Wanachochewa jikoni ili mtoto achemke? Fungueni hizo nyingine mlizobeba, kila moja, mama amekufa ukurasa wa mwanzo na anatabasamu! Anatabasamu nini? Huu ni uvivu. Mchoraji amechoka, anataka mvulana akasirike haraka, anatafuta mwanamke wa karibu anamchinja. Uvivu mtupu!"

"Lakini Anti," alisema Mwenyekiti kwa upole wa mtu anayebembeleza mashine iliyokwama, "bila hasira shujaa atapigania nini?"

"Njia imefungwa! Watu wanakufa njaa bondeni! Hiyo haimtoshi kukasirika? Mimi nimekasirika tangu juzuu ya pili!"

Kijana mmoja wa pembeni akamnong'oneza mwenzake, lakini mashine za fotokopi zilikuwa zimenyamaza wakati huohuo na wote wakasikia: "Anajiona yeye ndiye aliyeuawa."

Walicheka tena, safari hii si naye. Bi Lenzi akaliona lile neno likimpata pale hasa lilipolengwa. Alifungua kinywa ajibu, na kabla hajajibu Chiriku akasimama.

"Anti, basi."

"Basi nini? Umemsikia huyu..."

"Nimemsikia. Na wewe nimekusikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, hakuivaa tena. "Unasema ni uvivu. Mama yangu mimi alikufaje? Nilikwenda shule asubuhi, nikarudi, nikakuta watu wamejaa uani. Basi. Nakumbuka ndala zake mlangoni. Hizo tu. Sikupewa uso wake wala mimi. Hakuna aliyenieleza, mpaka leo. Kwa hiyo mimi nilipoona kile kiatu nilisema, angalau yupo mtu mmoja duniani anayejua ilivyo. Na wewe unamwita mvivu."

Akachukua mkoba wake akatoka. Mashine zikaanza kunguruma tena.

Bi Lenzi alirudi nyumbani kwa miguu. Hasira ilikuwa bado imempanda, ila sasa haikuwa na pa kukaa. Kwanza alimkasirikia Chiriku, kwa kumuumbua mbele ya wale watoto. Akavuka barabara akawakasirikia wale watoto. Alipofika kwenye duka la mkate alikuwa ameshamrudia mchoraji. Lakini neno moja lilimfuata nyuma kama mbwa asiyefukuzika: hakuna aliyenieleza, mpaka leo. Mpaka leo! Yeye mwenyewe alikuwa amelala katika nyumba ile miaka yote hiyo, amepikia sufuria za yule mwanamke, amemlea mtoto wake, na kama angeulizwa marehemu alikuwa mrefu au mfupi asingejua. Hapakuwa na picha ukutani. Hapakuwa na kisa hata kimoja mezani. Alipoingia kama bibi harusi aliambiwa tu, "Mama yake alifariki," na mlango ukafungwa.

Akaongeza mwendo. Hasira ilikuwa imepata makazi.

Fundi Lifti alikuwa uani anafua ovaroli yake ya kazi, mikono imejaa povu jeusi la grisi.

"Mama yake Chiriku alikuwa akicheka vipi?" Bi Lenzi alimuuliza, hata salamu hakumpa.

Mwanaume aliduwaa. "Nani kakuuliza habari hizo?"

"Nakuuliza mimi. Alikuwa mrefu? Alikuwa anapenda nini? Alimkasirikia nani?"

"Mke wangu, ni pilipili tena? Mmesoma nini huko?"

"Usiniletee pilipili leo!" Sauti ilipanda mpaka jirani wa mlango wa pili akachungulia, akajirudisha. "Mtoto wako amesimama mbele ya watu anasema kitu pekee anachokijua kuhusu mama yake ni ndala! Ndala! Umemfanyia mke wako vilevile alivyofanya yule mchoraji. Umemtoa ukurasa wa kwanza, umefunga kitabu!"

"Unanifananisha mimi na mtu wa katuni?"

"Nakufananisha! Tena yeye angalau alichora nywele!"

Fundi Lifti alitupa ovaroli kwenye beseni, maji yakawarukia wote wawili. Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole akikasirika huwa hajui aanzie wapi. "Nilinyamaza kwa ajili yako," alisema hatimaye. "Unadhani ilikuwa rahisi? Nimeoa mke mpya, nimkalishe mezani nianze kumsifia aliyetangulia? Nilisema, huyu mwanamke ameacha kwao amekuja kunisaidia, nisimletee mzimu ndani ya nyumba. Nikatoa picha zote. Nikajizuia mpaka nikazoea."

"Na nani alikuomba?" alisema Bi Lenzi. "Lini nilikwambia namwogopa marehemu? Mimi nilikuwa wa kulindwa dhidi ya mwanamke asiyeweza hata kunijibu? Na mtoto je, ulimlinda na nini? Mlikaa kimya kwa jina langu, wewe na nyumba yako, na mimi sikuulizwa!"

Aliingia ndani akafunga mlango, na siku zilizofuata watu watatu wakaishi katika vyumba vitatu kama wapangaji. Chiriku alikuwa anatoka mapema na kurudi na kujifungia. Bi Lenzi kazini alivunja lenzi mbili nzuri kabisa. Akatamani kumwomba msichana radhi, lakini kila alipoyapanga maneno aliona yanakuwa nusu radhi na nusu hoja, maana bado aliamini kwamba alikuwa sahihi kuhusu mchoraji.

Fundi Lifti ndiye aliyeanza. Jumapili, baada ya chakula kilicholiwa bila mazungumzo, alimwambia Chiriku asiondoke mezani. Akakohoa. Akasogeza bilauri huku na huku.

"Mama yako," alisema, "alikuwa mwanamke mzuri."

Chiriku alitazama meza.

"Mwenye heshima zake. Alimpenda kila mtu. Alikuwa..."

"Hayo si maneno!" Bi Lenzi alifoka kutoka mlango wa jikoni, ambako alikuwa amejiwekea nadhiri ya kutoingilia. "Kila marehemu ni mzuri! Kila marehemu aliwapenda watu wote! Sema alikuwa akifanya nini!"

Mume akamgeukia, uso umemwiva. Kisha akafikiri kweli.

"Alikuwa anabishana na redio," alisema.

Chiriku akainua kichwa.

"Habari zikisomwa, anamjibu msomaji. 'Mwongo wewe! Juzi ulisema vingine!' Majirani walidhani tunagombana. Na nywele alikuwa anajikata mwenyewe, bila kioo, upande mmoja unakuwa juu mmoja chini, na ukimwambia anasema ndiyo mtindo." Alianza kucheka, kicheko kikamshtua mwenyewe. "Na alikuwa anaogopa lifti. Mke wa fundi lifti! Nikiwa kazini ghorofani ananiletea chakula kwa ngazi, kuanzia chini mpaka juu, na unamsikia kabla hujamwona, kila ghorofa tusi jipya. Akifika anasema, 'Kula haraka, sipandi tena.' Kesho yake anapanda."

Maneno yakaanza kutoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba, kwanza kwa kukohoa, kisha kwa kishindo. Si yote yaliyokuwa matamu. Alisema kwamba Chiriku alipokuwa mchanga mama yake aliwahi kufungasha akaenda kwao, akiwa amebeba nusu ya sahani za nyumba, kwa sababu mume alikuwa anarudi amelewa. Hapo alisita, akamtazama mke wake pale mlangoni kana kwamba anaomba msaada. Bi Lenzi hakumsaidia.

"Alirudi kwa nini?" aliuliza Chiriku.

"Alisema amefuata mifuniko ya sufuria. Akaikusanya yote akaiweka mezani, akaketi. Hakuondoka tena. Nami sikunywa tena."

Chiriku aliuliza, akauliza tena, kama enzi zile za kusimulia watu uani. Mwishoni akauliza lile ambalo wote walikuwa wanalingojea, na baba yake akamjibu bila kulizunguka. Ilikuwa kichwa. Aliamka akilalamika kichwa, akasema kitapoa, akaanza kuanika nguo, akaanguka.

"Na ndala?"

"Alizivua mlangoni alipoingia kunywa maji. Alianguka ndani, mwanangu. Mimi nilimbeba mikononi nikatoka naye mbio barabarani. Ndiyo maana zilibaki. Sikupata nafasi ya kumvisha."

Chiriku alivua miwani akaweka mikono usoni, na baba yake akazunguka meza. Bi Lenzi alirudi jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alikuwa analia, na bado alikuwa amekasirika: mwanamke wa namna ile, mwenye matusi ya kila ghorofa, kufichwa miaka yote chini ya "alifariki"! Angempenda. Wangegombana kila wiki, na angempenda.

Jioni Chiriku alimfuata.

"Anti, nilikosea kukukatiza mbele za watu."

"Na mimi nilikosea kusema mbele yako bila kufikiri. Lakini sikiliza." Ulimi haukumtulia. "Umeona tofauti? Mama yako hakufa ili wewe upate macho mekundu. Alikuwa ana mambo yake. Aliacha nguo nusu kwenye kamba. Hilo ndilo ninalomdai yule mchoraji. Sikatai watu wafe, nakataa wafe kabla hawajaishi."

"Mnyapara aliishi, Anti. Juzuu zote zile."

Bi Lenzi akafikiri. "Aliishi," alikubali kwa shida. "Na kiatu kimechorwa vizuri. Lakini zile kurasa mbili za macho zilikuwa zake. Wamempokonya."

"Hapo nakupa. Macho yalinichosha hata mimi."

Hawakuafikiana zaidi ya hapo, na mpaka leo hawajaafikiana. Wapagazi wa Theluji ilikwisha baada ya muda kwa mwisho mbaya kuliko hata Bi Lenzi alivyotabiri: mvulana alifungua njia kwa kuitazama tu, na Mnyapara akarudi mara moja tu, mawinguni, anatabasamu. Kikundi kilipokutana kuijadili, Mwenyekiti alitangaza utaratibu mpya kwamba hakuna mtu kuzungumza mfululizo mpaka wengine washikwe na njaa, akimtazama mtu mmoja tu. Bi Lenzi aliupinga utaratibu huo kwa hotuba ndefu. Yule kijana wa pembeni alimletea kiti chenye mto, akamwomba radhi kwa lile neno, na akapata jibu kwamba hakukosea sana.

Picha za marehemu zilitolewa katika boksi lililokuwa juu ya kabati. Iliyopata nafasi ukutani ni ile ambayo nywele zimekatwa upande. Chiriku ndiye aliyeichagua. Baba yake alitaka nyingine.

Siku hizi Chiriku anafanya kazi mji mwingine. Bado anamwita Anti, na Bi Lenzi angeshtuka kuitwa vingine. Wanapigiana simu mara kwa mara, na mtu anayepita sebuleni hudhani wanazungumzia majirani, kwa jinsi wanavyosengenya watu wa kuchorwa. Juzi ilikuwa zamu ya manga moja ndefu ya wanawake wapiga makasia. Wote wawili walikuwa wameifuata kwa miaka, na siku hiyo walikuwa wamemaliza juzuu ya mwisho.

"Ndoto!" Bi Lenzi alikuwa anapiga kelele kwenye simu. "Mashindano yote yale, yule mlemavu wa bega, yule aliyekosana na dada yake, wanatuambia ilikuwa ndoto ya msichana aliyesinzia darasani! Mimi nimesinzia? Mimi nilikuwa macho!"

Fundi Lifti, aliyekuwa anakula, aliuliza ni nani tena amekufa.

"Hajafa mtu. Wametuambia yote yalikuwa ndoto."

"Yote?" alisema. "Hata yule mwenye bega?" Maana siku hizi huwa anasomewa.

"Hata yeye."

Fundi Lifti akaweka kijiko chini. "Washenzi hao," alisema. "Niwekee simu huku, nisikie binti yangu anasemaje."